Hadubini Moja, Watoto Kumi na Tisa

Hadubini yetu ni moja, na kioo chake kina ufa.
Niliipandisha kutoka Huaraz ndani ya blanketi,
mgongoni kama kichanga,
dereva wa lori akaniuliza, "Mwalimu, umejifungua lini?"

Huaytapampa. Mita elfu nne juu ya bahari
ambayo hapa hakuna aliyeiona.
Asubuhi wino huganda ndani ya kalamu
nasi huupulizia pumzi, kila mtu kalamu yake.

Nikaandika ubaoni: VIUMBE TUSIOWAONA.
Nemesio akanyoosha mkono:
"Kama hatuwaoni, nani aliwahesabu?"
Sikuwa na jibu fupi. Nikasema, tuanze na supu.

Maana Fortunata alikuja na kushuro mfukoni,
gololi za kijani, teketeke, zenye kuteleza,
ambazo mama yake huokota ukingoni mwa ziwa mvua ikikatika
akazitia kwenye mchuzi wa viazi.
Tukapasua moja kwa wembe. Tone la maji. Kioo juu ya kioo.
Jua likapenya kwenye ufa
na mle ndani: shanga. Nyuzi kwa nyuzi za shanga
zimejikunja, na kila ushanga uko hai.

"Mwani," kinasema kitabu cha wizara, ukurasa wa arobaini.
"Si mwani," nikasema, "ni bakteria
waliojifunza kula jua kabla jani lolote halijazaliwa."
Fortunata akakunja uso. "Kwa hiyo tunakula bakteria?"
Tunawala, na siku yetu ikifika watatula.
Dawa ya deni ni kulipa.

Baada ya hapo hawakuzuilika.
Wakaleta ukungu wa mkate, manyoya yenye vichwa vyeusi;
povu la chicha kutoka mtungi wa shangazi yake Wilmer,
hamira ikichipua humo, mama akitoa mtoto ubavuni
bila harusi, bila mahari,
wakacheka hadi benchi likapinduka;
kisha jani la kiazi lenye doa la kahawia
na unga mweupe pembeni.

Kicheko kikakatika. Rancha.
Kila nyumba hulitaja jina hilo kama la mwizi wanayemfahamu.
Mwaka juzi alimaliza shamba la kina Nemesio kwa siku nane,
na baba akateremka pwani kuchuma parachichi za watu.
"Kuvu," kinasema kitabu, na hapo pia kimeteleza:
ni jamaa wa mbali wa mwani, amevaa joho la kuvu.
Nemesio akainamia lenzi, hainuki,
vijimbegu vya umbo la ndimu vikining'inia matawini.
"Ni mzuri," akasema, kwa sauti ya aliyeibiwa.
"Sikutaka awe mzuri."

Ijumaa ilikuwa zamu ya kirusi.
Nikapangusa kioo, nikakiacha kitupu,
nikawaambia wapite mmoja mmoja, watazame, wachore.
"Mwalimu, hamna kitu."
"Hamna ninachoweza kuwaonyesha. Hayo ni mambo mawili."
Ni mdogo kuliko mwanga tunaomsaka nao.
Hali, hanywi, hapumui.
Hubisha hodi tu, akikaribishwa
nyumba nzima huacha kazi zake ikaanza kumjenga yeye.

Yeni alikuwa wa mwisho, naye hasemi sana.
Mwaka ule barabara ilipozibwa kwa mawe
bibi yake alizikwa na watu wanne waliofunika nyuso.
Akatazama. Akazungusha skrubu nusu mzunguko,
akatazama tena. Kengele ikalia, sikumharakisha.

Jioni nikasahihisha madaftari.
Wengi wamechora mpira wenye miiba,
wameunakili kwenye bango la zahanati.
Wawili wameacha duara tupu.
Yeni amechora duara, na ndani yake
ufa wa kioo chetu, sawasawa ulivyo,
hata kile kitawi kidogo cha kushoto
ambacho mimi sikuwahi kukiona.

Sijampa alama.
Daftari liko wazi mezani,
na kalamu nyekundu imeganda.