Asali

Kwenye kompyuta yangu duka la mjomba lilikamilika:
chupa, bei, namba ya simu.
Nikalipandisha kwenye seva.
Bei zipo. Chupa hakuna,
kijisanduku tu, kimepasuka pembeni.

Nikalaumu mtandao.
Nikalaumu umeme wa Arua,
mgeni asiyevua viatu.
Nikafuta mistari isiyo na hatia, nikairudisha, nikafuta tena.

Saa saba usiku Ezaru, wa darasa la sita,
aliyeamka kunywa maji, akasoma kwa kidole:
"Mbona hapa Asali ni mtu,
na kwenye faili ni asali ya kulamba?"

Herufi moja.
Nikaishusha iwe ndogo, nikapakia upya.

Chupa ikang'aa,
njano, nzima.
Umeme ukakatika.