Chanzo?

Tunguu, saa nane usiku. Bweni limelala.
Sentensi moja, tangu isha, haijasimama:
naianza kwa Kitumbe, naivusha Kiswahili cha darasani,
ikifika Kiingereza imeshalowa, haina chumvi.

"Mwani ukiingia ukoma, maji yana homa."
Dokta Mwinyihaji kazungushia wino mwekundu:
Chanzo? Nani kasema? Mwaka gani?

Kasema mama, Bikombo binti Faki,
magoti majini, kamba menoni,
mwaka ule tuliouza kitanda.

Nimemtia kwenye marejeo, herufi B,
baina ya Bautista wa Manila na Bodi ya Takwimu.
Mchapishaji nimeacha wazi.
Ndani ya mabano ya mwaka: kitanda.
Nikakifuta.

Adhana ilipoanza, nikakirudisha.