Uzi wa Kumi na Tisa

Saa kumi na moja jioni Asunción yote inatoka jasho,
na kinubi hakipendi joto:
nyuzi zinalegea kama ahadi.
Nilikuwa nimepiga goti nyuma ya pazia
nikikaza changu, nyuzi thelathini na sita,
mmoja mmoja, sikio kwenye ubao,
Nimia Ovelar aliponijia na kiatu mguu mmoja.
"Umekatika. Wa kumi na tisa. Una wa akiba?"

Nilikuwa nao. Mmoja tu.
Sitasema sikufikiri. Nilifikiri
muda wa kumeza mate.
Kisha nikampa, na fundo nikalifunga mwenyewe,
maana mikono yake ilitetemeka,
na dada yake, Obdulia, alikuwa kwenye ngazi za dharura
akitapika chipa ya mchana.

Basi tuzo zikaanza.
Wimbo wa mwaka: akina Ovelar.
Mke wangu Zunilda akanipapasa goti.
Albamu ya mwaka: akina Ovelar.
Akanipapasa tena, taratibu zaidi.
Kundi bora. Akaniachia goti langu,
akajipepea na karatasi ya ratiba
yenye jina langu mara nne,
mara mbili limekosewa herufi.
Watunzi wa mwaka. Sikuhitaji hata kusikia.

Wahenga walisema
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Hawakusema akubali mara ngapi
kwa usiku mmoja,
kamera imemkodolea,
tabasamu limemkauka mdomoni kama gundi.

Wasanii wa mwaka.
Obdulia hakuwa na mkono wa kupokelea,
tuzo nne za shaba amezikumbatia kama kuni.
Akacheka, akaiweka ya tano chini, sakafuni,
na wakaombwa wapige.

Mimi nilikuwa nausubiri uzi wangu.
Katika polka ile hauguswi mpaka ubeti wa tatu.
Ukafika. Ukalia.
Ukalia chini kidogo, unywele tu,
kwa sababu uzi mpya huvutika, kila mpigaji anajua,
na nilihisi, Mungu anisamehe,
kitu kitamu kikipita kifuani.

Ndipo Nimia, bila kugeuza uso,
akapeleka kidole gumba cha kushoto shingoni mwa kinubi,
akaubana uzi, akaupandisha mpaka mahali pake,
mkono wa kulia ukiendelea kukimbia
kama mtoto asiyejua nyumbani kuna msiba.
Ukumbi haukusikia kitu.
Nilisikia mimi.
Nikasimama kabla hawajamaliza,
Zunilda akidhani naondoka.

Tulirudi tukipitia Luque. Fataki hadi alfajiri,
mbwa wote wa mji chini ya vitanda.
Hatukuzungumza; alinishikia glasi ya tereré
kila taa nyekundu.

Jumanne kijana wa pikipiki alileta bahasha,
haina barua. Nyuzi mbili.
Mmoja ni wa deni, nimeshaufunga.
Wa pili sijui ni wa nini.
Ungali mfukoni,
nauzungusha kidoleni nikiwa kwenye foleni ya benki.