Friji, Saa Nane za Usiku

Saa nane za usiku nafungua friji,
si kwa njaa.
Nainama, naingiza uso kati ya jagi la maji
na bakuli la matembele yaliyobaki,
nafumba macho,
na kwa muda wa pumzi tano niko Njabini:
alfajiri, sakitu imelalia majani ya viazi,
baba anakohoa zizini
kabla hajawasemesha ng'ombe.

Kisha friji linanguruma.
Uniti za luku zimebaki kumi na moja,
hapa ni Tandika, mwezi wa pili,
na fulana imenigandama mgongoni kama deni.

Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja.
Hivyo ndivyo ninavyojibu nikiulizwa,
na huulizwa sana.
Kazi ndiyo iliyokuleta? Hapana.
Biashara? Hapana.
"Mke," nasema, na kijiwe kizima
kinaweka karata chini kwanza, kicheke vizuri:
"Kumbe shemeji umeolewa!"
Nacheka nao. Kicheko hicho nilijifunza
kabla sijaijua bei ya nazi.

Lugha ni moja, nilijipa moyo pale Namanga,
pasipoti mkononi, begi moja begani.
Siku ya tatu nikasimama dukani kwa Mangi,
"Nipe maziwa,"
akanitazama kama nimemtukana mamaye.
Zuwena akanivuta kando:
"Hapa tunaomba, Gathogo.
Hata tukiwa na hela mkononi, tunaomba."

Kwa hiyo naomba.
Naomba chumvi, naomba kupita,
naomba chenji yangu mwenyewe.
Mama mkwe namwamkia shikamoo
mara mbili kwa asubuhi moja, nikihofia
kwamba ya kwanza haikuingia.
Ni mwema. Hunipepea kwa kipande cha boksi
huku akinisimulia habari za watu nisiowajua,
nami naitikia, enhee, enhee,
na moyo uko kwenye matope ya shamba,
buti zimezama hadi vifundoni,
haziinuki.

Sweta ya kijani imo kabatini.
Zuwena aliivaa miezi sita
alipokuja Nakuru kwa mafunzo ya uuguzi,
akitetemeka ndani yake kama kifaranga,
nami, mjinga wa mapenzi, nikadhani anatetemeka kwa ajili yangu.
Sasa inanukia naftalini.
Hapa hakuna siku itakayoihitaji.

Jana usiku alinikuta.
Sikumsikia, nilisikia tu kanga ikiburuta sakafuni.
Nikangoja aniulize kuhusu umeme.
Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa,
akatazama miguu yangu kwenye ule mwanga mweupe.

"Kule kwenu," akasema,
"nilikuwa nachemsha maji nisiyokuwa na kazi nayo.
Najifunika blanketi juu ya sufuria, najifukiza,
mpaka nipate jasho kidogo, kama la hapa.
Nawe ulikuwa unabisha hodi, unauliza
kama nina mafua."

Sikuwa na la kusema.
Ningesema samahani, lakini samahani ya nini,
ya baridi?
Akasogea, akatia naye uso ndani ya friji,
shavu lake kwenye shavu langu,
tukakaa hivyo kama mbuzi wawili kwenye hori moja,
uniti zikienda.

Leo Jumapili, nimepiga simu nyumbani.
Kapokea Kimotho.
"Naomba kuongea na mama," nikasema.
Kimya. Halafu akacheka
mpaka nikasikia mbwa anabweka nyuma yake:
"Unaomba? Kwani mama si wako?"

Mama akachukua simu. Ninakula? Ninakula.
Viazi vipo? Vipo, vinatoka Njombe,
huja na udongo wake, huwa nachelewa kuviosha.
Na baridi, mwanangu, huko kuna baridi?

Zuwena alikuwa anamenya vitunguu.
Akaacha kisu,
akageuka kulitazama friji.

"Ipo, mama," nikasema. "Kidogo. Usiku."