Nukta ya Arobaini na Tatu

Nondo ile ina urefu wa mita moja na nusu,
mpini wake umefungwa kitambaa cha bluu,
na Akulina Prokopyevna alitukabidhi
kama anayekupa mtoto mchanga umshike: kwa mikono miwili.
"Sukuma mpaka ikatae. Ikikataa, usibishane nayo.
Soma rula. Taja namba kwa sauti. Andika."
Basi. Somo la kwanza lilikwisha hapo.

Tulikuwa watano, Agosti ikiyoyoma,
katika msitu mwembamba, nusu siku kutoka Churapcha.
Nukta mia na ishirini na moja, kila moja na kijiti,
kila kijiti na utepe mwekundu,
na visubi, we! visubi wa kuchujwa kwa meno kwenye chai.

Ardhi iliyoganda ikikataa, kiwiko kinajua kabla ya jicho.
Jiwe hukwaruza. Mzizi hunepa.
Barafu hujibu neno moja,
*tk*,
kama komeo la ndani.
"Sabini na moja," anataja Nyurguyaana. "Sitini na sita. Sabini."
Keskil anaandika kwa penseli, karatasi imelowa,
kidole chake kinaacha tope kando ya kila namba.

Zamu yangu ilikuja na mvua.
Buti la kushoto lilikuwa likinywa maji tangu asubuhi.
Arobaini na mbili: sitini na saba.
Arobaini na tatu ilikuwa ng'ambo ya kidimbwi, utepe wake umeinama.
Nikaizunguka.
Arobaini na nne: sitini na tisa.
Na kilichopo kati ya sitini na saba na sitini na tisa
hata mtoto wa chekechea anakijua.
Nikakitaja kwa sauti, kama nilivyofunzwa.
Keskil akaandika.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Yangu ilikuwa sentimita sitini na nane.

Usiku hemani mwalimu alipitia daftari kwa ukucha wa gumba,
samaki mkavu mkono wa pili.
Ukucha ukasimama.
"Erchim. Hapa ilikataaje?"
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza *ilikataaje*,
na mimi sikuwa na mlio wa kumpa.
Alinisogezea tochi.

Maji ya kidimbwi yalinifika gotini.
Nikaiweka nondo, nikasukuma.
Sitini na nane ikapita bila hata kunisalimu.
Tisini. Mia na kumi. Udongo laini kama uji,
na harufu ikapanda, harufu ninayoijua:
ghala la chini kwa shangazi Balbaara,
mwaka tulipoitoa nyama ya farasi kwa ndoo,
ndoo ya nyama, ndoo ya maji, ndoo ya nyama,
naye amekaa kwenye ngazi, anasema
ni mlango tu haukufungwa vizuri.
Mpini ukagusa maji. Kitambaa cha bluu kikalowa.
Haikukataa.

"Mia na hamsini," nikawaambia visubi, "na inaendelea."

Nyuma yangu, chapa, chapa, buti za mtu asiye na haraka.
Akulina Prokopyevna alitoa kipande cha pili cha chuma koti lilipofunguka,
akakiunga kwa parafujo, akajifuta pua.
Kwa nini alikuwa amekibeba kutoka mjini, sikuuliza.
Tulisukuma pamoja, mikono minne, tukisikiliza kwa viganja.

Mita mbili na sentimita saba.
*Tk.*

Kufuta ni marufuku. Unakata kwa mstari mmoja,
kilichoandikwa kibaki kinasomeka.
Ipo mpaka leo, ukurasa wa tatu, sitini na nane,
safi kabisa,
haina tope.