Mzigo wa Vioo

Tunatoka Mbauda saa kumi na moja na nusu alfajiri,
vioo ishirini na vinne vimesimama wima nyuma ya Canta,
vimevishwa mablanketi makuukuu, vimekazwa kwa mipira ya matairi,
na Anaeli, utingo wangu, kakaa huko huko navyo
kama yaya wa watoto wa watu.

Vioo havisomi vibao.
Hamsini ya serikali kwao ni arobaini,
tuta la Tengeru kwao ni mlima.
Nimejifunza kusikia kwa mgongo:
vikinong'ona, naendelea;
vikianza kusemezana, naachia mafuta.

Watu wana haraka, jamani.
Maji ya Chai Noah zinanipita kulia, kushoto,
dereva anaendesha kwa kiwiko, simu sikioni,
ananitazama kana kwamba nimemkalia mguu.
Mwingine anamtukana mama yangu,
marehemu, mtu wa Nkoaranga,
aliyepanda gari mara sita maishani
na mara zote akafumba macho.
Nawapisha.
Dakika kumi baadaye nawakuta Kikatiti
wamepangwa kandokando, wanapekua mifuko,
na trafiki katika nyeupe yake
kama anayengoja kubatizwa.

Sisi wa barabarani tuna lugha yetu.
Taa mbili za harakaharaka: tochi iko mbele.
Kiganja kinachoshushwa: taratibu, wapo.
Kidole kinachozungushwa hewani: wameondoka, kanyaga.
Humjui mtu, hujui ukoo wake wala kanisa lake,
naye anakuokolea elfu thelathini
utadhani mmenyonya ziwa moja.

Nami nimewawashia wengi.
Asubuhi moja nilimwashia mwenye Prado ya kijivu.
Akapunguza, akanipungia mkono,
akapita mbele ya tochi kwa adabu za bibi harusi,
kisha nikamwona, kwenye kioo cha pembeni,
akiruka tena kuelekea Maji ya Chai,
saa ile masweta ya kijani yanavuka kwenda shule.
Hakuna kilichotokea.
Najua, kwa sababu kesho yake nilisimama nikaulizia,
na muuza ndizi akanishangaa: kitokee nini?
Ila tangu siku hiyo kidole changu kikifika kwenye swichi
kinasita.

Msije mkadhani siipendi kasi.
Tukishashusha Moshi, kwa fundi Kandidus wa Majengo,
tukala kiburu, tukanawa,
tunarudi watupu, Anaeli kahamia mbele, viatu kavua.
Ukishaiacha Bomang'ombe nyumba zinakatika
kama mtu aliyemaliza alichotaka kusema.
Lami inanyooka. Nyika inafunguka, rangi ya ukoko wa wali.
Kibo kapungua hadi kuenea kwenye kioo cha kati,
Meru yuko mbele, kajifunika hadi kidevuni,
na upepo unaingia dirisha hili unatokea lile
bila kutuomba ruhusa.
Sitini. Sabini.
Kwenye themanini usukani unaacha kutetemeka,
gari zee linakuwa jepesi,
na deni la dukani, na goti, na barua ya shule
vinabaki nyuma, vinatukimbilia kwa miguu.
Siwezi kuwaeleza vizuri zaidi ya hapo.
Ni kama kukuta mlango wa nyumbani kwenu uko wazi
na hakuna mtu ndani wa kukutuma.

"Ongeza, mzee," Anaeli ananiambia. "Hatuna kitu nyuma."

Kweli hatuna.
Mablanketi yamekunjwa, mipira imening'inia.
Mshale unagusa themanini na mbili,
barabara nyeupe, hakuna taa inayonionya,
na mguu wenyewe, sikuutuma,
unanyanyuka kidogo:
mgongo bado unasikiliza.