Shubiri Moja

Wakubwa waliviita vita vya moto mdogo,
kana kwamba tunachemsha maharage.
Mimi sikupewa bunduki. Nilipewa kinasa sauti,
wembe, gundi, na nyumba moja kwenye ramani
ng'ambo ya mto Torola.

Niña Tránsito alifungua mlango, unga mikononi.
Alidhani tumekuja kuchukua kuku.
Mama, nikasema, zungumza na mwanao tu,
kama mnavyozungumza siku zote;
tutamfikishia.
Akajifuta kwenye aproni. Akakitazama kipaza sauti
kama anayetazama kijiko cha dawa ya mtu mwingine.
Akakohoa.

Ovidio, alisema. Ng'ombe amezaa. Ndama ana baka jeupe.
Dada yako ameng'oka jino.
Rudi, mwanangu, supu imo chunguni.
Ila usipite darajani, wako pale usiku kucha,
zungukia kwa kina Amaya.

Aliyasema yote kwa pumzi moja,
akinikazia macho mimi,
koplo wa miaka ishirini mwenye waya shingoni.

Luteni Barahona alisikiliza mara mbili.
Supu, akasema, inashinda bendera.
Kisha akaweka ukucha juu ya utepe, penye *ila*.
Hapa.

Wembe hauna kelele.
Kilichoanguka sakafuni nilikipima kwa mkono,
kutoka gumba hadi kidole cha mwisho: shubiri moja.

Jioni tatu tuliruka juu ya misonobari,
spika mbili tumboni mwa helikopta.
Rudi, mwanangu. Rudi, mwanangu. Supu.
Vipeperushi tulivimwaga kwa magunia:
askari anamkumbatia kijana, chini yake PASI SALAMA.
Wanawake waliviwashia majiko, wakavifungia chumvi;
watoto walifanyia hesabu upande usio na picha.
Karatasi hawakuiamini hata siku moja.
Lakini nani amejifunza kutoiamini sauti
iliyomwita kula tangu hajaota meno?

Jioni ya tatu nilimwona.
Alikuwa ametoka uani, mdogo kama punje,
mikono juu, kinywa wazi.
Rubani alidhani anatupungia.
Mimi nilijua anachokipaza kule chini ya mngurumo:
alikuwa anaimalizia sentensi.

Ripoti ya alfajiri, kwenye safu ya daraja, iliandika: 1.
Haikuandika moja nini.

Sasa natengeneza redio San Miguel, nyuma ya soko.
Watu huniletea kanda zilizokatika: harusi, mahubiri,
bibi aliyekwisha kufa akicheka.
Naunganisha, nalipwa, nasahau.
Kile kipande kimejikunja ndani ya kasha la kiberiti.
Mashine ya kukisomea haipo tena,
na hata ingekuwepo.

Siku nyingine, wateja wakikatika, nakinyoosha mezani,
gumba hapa, kidole cha mwisho kule.
Mkono wangu umenenepa tangu wakati ule.
Shubiri bado ni shubiri.